Barua kwa vijana wa kwaya, kuhusu yule mliyemwita "wa Mirembe"

Wajukuu zangu,

Mbukwenyi! Najua wengi wenu mmekuja Dodoma na wazazi waliohamia na Serikali na Kigogo hamkijui. Itikieni vyovyote, nimepokea.

Jumamosi iliyopita mkiwa kwenye mazoezi, kijana mmoja aliingia akakaa benchi la nyuma. Alikuwa anaongea peke yake, na kandambili zake kila moja ilikuwa na rangi yake. Mmoja wenu akasema, "Huyu katoroka Mirembe." Mkacheka mpaka mwalimu akashindwa kuwarudisha kwenye sauti. Mwingine akatoa simu akamrekodi, na jioni ile video ikanifikia hata mimi bibi yenu. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo nimetulia, na ninaandika wazi kwa kuwa wenye tabia hii si ninyi peke yenu.

Mji wetu umeligeuza jina la hospitali kuwa tusi. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Wagonjwa wanaletwa pale kutoka mikoa yote ili watibiwe. Lakini ukiwa kwenye daladala ukamwambia mtu "wewe wa Mirembe", umemtukana, na abiria wote watacheka.

Mdogo wangu wa kiume alilazwa pale mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 22. Alirudi na dozi yake, akalima uwele, akapata vibarua vya kuvuna zabibu, akala mlenda nasi jioni kama zamani. Kilichomrudisha chini ni kuimbwa na watoto kila alipokwenda bombani. Akaacha kumeza vidonge ili asionekane mtu wa vidonge, na miezi michache baadaye tukampeleka tena. Ndiyo maana kicheko chenu hakikupita kwangu kama kicheko tu.

Nilipokuwa darasa la kipaimara, mwinjilisti alituuliza: sura ya Mungu ndani ya mtu ni nini? Tulijibu kwa pamoja, "Ni akili! Mbuzi hana, mtu anayo." Jibu lile hakulitunga yeye. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, aliitafuta sura hiyo katika kumbukumbu, ufahamu na utashi wa mtu, na Kanisa la Magharibi limepita njia yake karne nyingi. Nimtendee haki: alisema pia kwamba hata sura hiyo ikichakaa na kufifia, haiondoki. Sisi watoto tulibaki na neno akili tu. Nikakua nalo hadi siku nilipokaa kando ya kitanda cha mdogo wangu, hanitambui, ananiita kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikajiuliza: akili imekwenda, je, na sura ya Mungu imeondoka nayo?

Nikarudi kwenye Mwanzo 1:26. "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Nikasoma mbele na nyuma. Hapasemwi popote kwamba sura hiyo imewekwa kichwani. Baadaye mchungaji mmoja aliyesoma Kiebrania alinieleza kwamba neno la pale, tselem, ndilo linalotumika pia kwa sanamu za kuchongwa. Wafalme wa Mashariki ya kale walisimamisha sanamu zao katika nchi walizozitwaa, ili anayepita ajue nchi ni ya nani. Na kule Misri na Babeli, aliyeitwa sura ya mungu alikuwa mfalme. Mwanzo inaichukua heshima hiyo ya ikulu na kumvika kila mtu, mwanamume na mwanamke, bila kumpima kwanza.

Mkipita Nyerere Square, itazameni ile sanamu ya Mwalimu. Haisomi, haihutubii, haijui hata kama mvua inanyesha. Lakini nani kati yenu atakwenda kuitemea mate mchana kweupe? Tunaiheshimu kwa sababu ya yule inayemwakilisha. Basi kijana yule wa kandambili anamwakilisha nani?

Msiseme dhambi ya Adamu ilifuta yote. Baada ya anguko, hata baada ya gharika, Mungu anakataza kumwaga damu ya mtu, na sababu anayoitoa katika Mwanzo 9:6 ni kwamba mtu alifanywa kwa mfano wake. Na Yakobo, katika sura ya tatu, anashangaa kwamba ulimi uleule unamhimidi Mungu Baba, na uleule unawalaani watu waliofanywa kwa mfano wa Mungu. Aya hiyo naona kama aliiandikia kwaya. Mlicheka, kisha mkashika tena wimbo palepale mlipoachia.

Sasa fanyeni hivi. Video ifuteni leo, na kila mliyemtumia mwambieni aifute. Mkisikia mtu anamshauri mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa, mkatalieni kwa adabu. Ugonjwa wa akili unatibiwa kama kisukari kinavyotibiwa, na maombi yanakwenda pamoja na dozi. Kama nyumbani kwenu kuna ndugu anayefungiwa chumba cha uani wageni wasimwone, njooni mniambie. Sitawaaibisha. Tutakwenda pamoja kuongea na wazazi.

Na yule kijana ana jina. Nimemuuliza, akanitajia, akaniambia pia kwamba alikuwa akiimba sauti ya tatu kabla hajaugua, ndiyo maana aliposikia mazoezi aliingia. Jina lake siliandiki hapa. Nataka mkamuulize wenyewe. Jumapili tutakuwa naye benchi la tatu, upande wa dirisha, na nimeacha nafasi ya watu wawili.

Bibi yenu,
mzee wa kanisa