Kaka, usiku ule nilikuhesabia pumzi

Kaka yangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu ana kwa ana utaligeuza mzaha. Juzi ulipolala kwetu sikupata usingizi. Kukoroma kwako nilishakuzoea tangu utotoni. Kilichoniamsha ni kimya. Unakoroma, mara kimya. Nikahesabu: kumi, kumi na tano, ishirini na mbili. Ndipo ukakurupuka kama mtu aliyeibuka majini, ukageuka, ukaanza upya. Asubuhi ukasema umelala fofofo, ila kichwa kinagonga.

Pumzi kusita usingizini kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, madaktari huiita hali hiyo apnea. Nawe umenenepa kaka, na mafuta ya mwili hayakai tumboni tu. Mengine hujaa shingoni na hata kwenye ulimi, na usingizi ukilegeza misuli ya koo, njia inaziba. Ubongo unakuzindua nusunusu usiku kucha, nawe hukumbuki. Halafu mchana unasinzia kwenye usukani.

Na vile viatu? Uliinama kufunga kamba, ukainuka unahema, jasho puani, ukasingizia umri. Umri gani kaka, miaka 43? Chini ya mapafu kuna msuli uitwao kiwambo. Ukivuta pumzi unashuka ili mapafu yapate nafasi. Wako unashuka ukipambana na kitambi. Ukiinama au ukilala chali, tumbo linausukuma juu, mapafu yanabanwa upande wa chini, na vijia vidogo vya hewa vinajifunga kabla hujamaliza kutoa pumzi. Damu inapita pale na kukuta hewa haba. Mapafu yenyewe huenda ni mazima, ndiyo maana kile kipimo cha mapafu cha kupuliza mara nyingi hutoa majibu yasiyotisha. Wengine huishia kupewa dawa ya pumu wasiyokuwa nayo.

Kinachonikosesha raha ni hicho kichwa cha asubuhi. Kuna watu wanene ambao pumzi zao huwa hafifu hata wakiwa macho, kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa, ikarundikana damuni na kichwa kikawauma asubuhi. Sisemi umefika huko. Lakini vile vidonge vya usingizi unavyomeza, pamoja na bia ya jioni, vinalegeza koo zaidi. Bia acha leo, na vidonge tumuulize daktari namna ya kuviacha.

Sikuambii ukonde kama kijana. Nami kitambi ninacho. Ila kupungua hata asilimia 10 ya uzito huleta nafuu kwenye kusita huko kwa pumzi. Lala ubavu. Kipimo cha usingizi kipo, na ipo mashine yenye barakoa inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Utafanana na rubani, watoto watacheka siku mbili, basi.

Shemeji amekubali kukurekodi kwa simu usiku. Ukimkuta macho usimfokee, nimemwomba mimi. Jumatatu asubuhi nakupitia, twende na hiyo rekodi kwa daktari.

Mdogo wako