Barua kwa Mwanangu Kabla Hajaja Saskatchewan

Mwanangu mpenzi,

Habari za mtihani? Mimi na baba yako tu wazima, tunakuombea umalize salama.

Umeniuliza kama ni kweli tunaishi kijijini, maana rafiki zako wamekuambia Kanada ni maghorofa matupu. Ni kweli mama, ni kijiji, tena kijiji ambacho ukikilinganisha na Nachingwea, Nachingwea ni jiji. Tuna posta, kanisa, ukumbi, na uwanja wa barafu wa kuchezea hoki. Duka la vyakula lilifungwa kabla hatujafika. Kazini kwangu, kule kwenye nyumba ya wazee, ni mji wa jirani, na shule yako itakuwa hukohuko. Basi la njano litakupitia mlangoni.

Huku kusini ya mji wa Saskatoon hakuna mlima wala kilima cha maana. Barabara za mashambani zimenyooka kwa sababu ardhi yote ilipimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640 kila mraba, na sheria ya mwaka 1872 ikawapa walowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi walime na wajenge. Kwenye ramani palionekana patupu. Lakini Wakrii, wenyeji wa asili wa huku, walikuwepo, wakiishi kwa kuwinda nyati, na mwaka 1876 wakuu wao walitia saini Mkataba wa Sita na serikali. Hadi leo wao wanasema walikubali kuishi pamoja kwenye ardhi, hawakuiuza. Ukifundishwa historia hiyo darasani sikiliza vizuri. Wewe mjukuu wa Nachingwea, ambako Waingereza walikuja kufyeka pori ili walime karanga, utaielewa upesi.

Vijiji vyenyewe vililetwa na reli. Kila baada ya kilomita kumi au kumi na tano hivi lilijengwa ghala refu la mbao, ili mkulima mwenye mkokoteni wa farasi apeleke ngano na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Miaka ya 1930 maghala hayo yalizidi 5,000 katika nyanda hizi. Yalipokuja malori, mengi yakabomolewa, na vijiji vikabaki bila kazi iliyovizaa. Waliobaki ni wale waliokataa kuhama, na sisi wageni tuliofuata nyumba za bei nafuu. Sikufichi hilo.

Kitu kitakachokusumbua zaidi si baridi, ni umbali. Zamani lilikuwepo shirika la mabasi la mkoa lililopita vijijini. Lilifungwa mwaka 2017. Wazee wangu kazini bado wanalilalamikia, maana ndilo lililokuwa likiwapeleka hospitali. Sasa asiye na gari anategemea jirani. Kwa hiyo utajifunza kuendesha, utake usitake.

Na baridi nayo. Utafika Januari, wakati digrii zinaweza kushuka 30 chini ya sifuri, hata zaidi. Utaona magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele. Usiku tunauchomeka ukutani ili injini isigande. Ndani ya gari tunaweka blanketi, mshumaa na kiberiti. Likikwama kwenye theluji, usitoke kutafuta msaada kwa miguu. Kaa humo usubiri. Hili nitalirudia mpaka unichoke.

Njiani kila dereva atakuinulia kidole kutoka kwenye usukani kukusalimu. Na wewe inua. Usidhani watu wa huku wameumbwa wema kuliko wengine. Wanajua tu kwamba unayemnunia leo ndiye mwenye trekta la kukuvuta kesho. Umbea nao upo, mwanangu, usiombe! Nilikuwa sijamwambia mtu kuwa viza yako imetoka, mama wa posta akanipongeza.

Utatazamwa sana, na shuleni huenda ukawa Mwafrika peke yako. Maswali mengine yatakuwa ya kipuuzi. Yajibu unayotaka, mengine waachie wenyewe. Kwenye chakula cha mavuno pale ukumbini, kile cha bata mzinga, mwaka huu nilipika pilau. Mzee mmoja aliniuliza kwa huruma kama wali umeungua. Alirudi mara tatu.

Mwambie mjomba wako kwamba wakulima wa huku wanamuelewa. Mbali na ngano wanalima njegere za kukausha na adesi, na India ni mojawapo ya masoko yao makubwa. Mwaka ule wa 2017 India ilipobana uagizaji, mbaazi zake zikakosa bei, huku nako walilia kilio kilekile.

Koti la baridi usinunue huko, utapoteza hela bure, nimeshakuwekea. Lete viungo vya pilau na khanga, na ule mwiko mkubwa wa bibi kama atakubali kuuachia. Ukitaka kunipigia, piga saa mbili usiku, hapa inakuwa saa tano asubuhi nami nipo mapumzikoni. Tofauti ni saa tisa mwaka mzima, maana Saskatchewan hawana mambo ya kusogeza saa.

Msalimie bibi, umwambie hela ya dawa nitaituma Ijumaa.

Mama yako