Kwa nini tunakupima kabla ya kukuchanja homa ya ini B

"Nimekuja kuchanjwa, mbona mnanitoza na kipimo? Wenzenu wanachoma tu." Lawama hii haiishi mapokezi kwetu, na wapo wanaoondoka wakiamini tumewaibia. Acha tueleze hela hiyo inafanya kazi gani.

Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Haimdhuru, ila atalipia dozi zote tatu (leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita), atatunza kadi na kujiona salama, kumbe virusi vinaendelea kuharibu ini na mwenza wake hana kinga. Ugonjwa huu hukaa mwilini miaka mingi bila macho kuwa ya manjano. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki nao. Mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Kwa hiyo ukisema "mimi sijawahi kuumwa ini", hilo halitupi jibu.

Wengine hugeuza utaratibu: wanachanjwa kwanza, kupima baadaye. Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Kipimo cha HBsAg kinatafuta protini ya ganda la kirusi, na chanjo imetengenezwa kwa protini hiyo hiyo. Hadi siku 18 baada ya sindano, mtu asiye na ugonjwa anaweza kusomeka chanya. Wanaoumia zaidi ni wanaokwenda kazini Oman au Saudia, maana homa ya ini B imo katika vipimo vyao vya safari. Ukichanjwa wiki hiyo unaweza kukwamisha safari yako mwenyewe. Kama umeshachoma, subiri mwezi ndipo upime.

Sisi tunatoa damu ya mshipa, tunaizungusha kwenye sentrifuji na kupima seramu, yaani maji ya damu yanayobaki juu. Majibu yanasomwa kati ya dakika ya 15 na ya 20. Mstari wa C (unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi) usipotokea, kipimo kinatupwa na kinarudiwa kwa gharama yetu. Mstari wa T (wa jibu lenyewe) ukiwa hafifu bado ni chanya. Unaoibuka baada ya dakika 20 hauhesabiki, ndiyo maana hatukutumii picha ya kipimo WhatsApp ukakisomee nyumbani.

Ukikutwa chanya, usikimbilie "dawa ya kusafisha ini". Baadhi ya mitishamba hiyo ndiyo inayoliumiza ini, kisha tunashindwa kujua ALT (kimeng'enya cha ini kinachopanda kwenye damu ini likiumia) imepandishwa na virusi au na chupa uliyokunywa. Kinachofuata ni kupima ALT, AST (kimeng'enya kingine cha aina hiyo), chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na wingi wa virusi, na HBsAg tena baada ya miezi 6 kujua kama ugonjwa ni sugu. Si kila mwenye chanya anaanza dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unashauri tiba, kwa mfano, virusi vikizidi 2,000 IU/mL na ALT ikiwa juu ya 30 kwa mwanaume au 19 kwa mwanamke, au ini likiwa limeanza kuwa na makovu. Kabla ya tenofovir, dawa ya kuzuia virusi, lazima upimwe VVU, kwa sababu ikitumika peke yake kwa mwenye VVU, VVU hujenga usugu dhidi ya dawa hiyo. Na usiiache ghafla ukijisikia nafuu: homa ya ini hulipuka upya, wengine ini hushindwa kabisa.

Kuhusu bei ya chanjo yenyewe: inahifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Palipo na bei ya kutupa, omba uonyeshwe friji na kipimajoto chake. Sindano ichomwe begani, si kwenye makalio, maana huko kinga haijengeki vizuri.

Chanjo hii haizuii homa ya ini C, wala A na E zinazopitia maji na chakula chenye kinyesi.

Ukija, njoo na kadi zako za zamani. Dozi uliyokwishachomwa haianzwi upya, hata kama umechelewa. Tunaendelea pale ulipoishia.