Husuni Kubwa sio ya Mreno

Mhariri, naomba nafasi nilitoe hili maana limenikaa rohoni tangu nimerudi Kilwa Kisiwani na wanangu. Tuko kwenye boti kutoka Kilwa Masoko, ndo tunalikaribia Gereza, ile ngome ya ufukweni, abiria mmoja akawaambia watoto "haya magofu yote kajenga Mreno", na watu wazima mle ndani wakaitikia. Iliniuma sana.

Mreno kafika pale 1505, kajenga ngome yake, miaka saba tu akaondoka, na hilo Gereza tunaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadae sana. Husuni Kubwa ilishakuwepo karibu miaka 200 kabla ya huyo Mreno! Ni jumba la Sultani wa Kilwa, Hassan bin Suleiman, na jina lake limekutwa limechongwa kwenye jiwe palepale. Ndo yule ambae Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alimkuta 1331 akamsifia ukarimu, watu walimwita Abul Mawahib, yani baba wa zawadi, na mali ilikua inatoka kwenye dhahabu ya bara iliyopitia Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, ndo mana hata sarafu yake ya shaba imeokotwa mpaka kule Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe.

Jumba lenyewe liko juu ya jabali, bahari chini yako. Vyumba zaidi ya 100, mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Vingi ni vyembamba, mwanangu mkubwa akauliza mbona sultani analala kwenye korido, nikamwambia dari zilikua zinabebwa na boriti za mikoko kwa hiyo chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Alafu kuna birika la kuogea la pembe nane. Mdogo wake akalizunguka anahesabu kona kwa sauti, moja mpaka nane, akarudia tena, mi nimesimama tu namwangalia nimeishiwa maneno.

Na magazeti nayo kila habari ya Kilwa picha ni Gereza, Gereza tu. Mhariri wangu, safari ijayo mpiga picha wenu akishuka kwenye boti asiishie pale ufukweni, apande mpaka Husuni, atuletee lile birika, na chini ya picha mwandike Hassan bin Suleiman.

Msomaji wenu, Lindi