Usimruhusu fundi akate springi

Isevya, Tabora

Mwanangu Hamisi,

Salamu za hapa ni njema, mvua zimeanza na maembe yanaoza chini ya mti kwa kukosa mlaji. Jana kwenye simu nilikujibu nusunusu kwa sababu wateja walikuwa wamejaa barazani wanasubiri nguo zao, na habari za bunduki si za kupaziana sauti mbele za watu. Kwa hiyo nakuandikia. Isome yote kabla hujagusa kitu.

Nimeelewa shida hivi. Ulipokwenda kuijaribu ile shotgani ya marehemu baba yako, risasi ya kwanza ilitoka vizuri, ganda likang'ang'ania dirishani, pale linapotakiwa kurukia nje. Ukamimina oili ya pikipiki. Ganda likaanza kutoka, ila sasa inakupiga bega mpaka hulali upande huo, na kile chuma cha kukoki, kinachoingiza risasi na kuifungia, kinarudi mbele kwa kujivuta. Na huyo fundi wako wa huko Urambo anasema springi ni ndefu mno, aikate. Asikate kitu. Hizo ni shida tatu, zote zinatibika bila msumeno.

Nashukuru kitabu cha silaha, kibali cha kuimiliki, kimetoka kwa jina lako. Baba zako wadogo walisema tunajisumbua, bunduki ya marehemu ni ya watoto wake. Haiendi hivyo. Silaha hairithiwi kama shamba la Urambo. Mwenyewe akifariki inakabidhiwa polisi, na anayeitaka anaomba kibali chake mwenyewe. Tulifuata hivyo, ikakaa stoo muda wote ule, na huko ndiko mafuta aliyoyapaka baba yako kwa mara ya mwisho yalikogeuka gundi. Shida mojawapo ndiyo hiyo.

Sasa uielewe yenyewe. Shotgani hiyo yetu yenye nundu nyuma si kama nyingine ulizoziona kwa walinzi. Ni ya Mmarekani John Browning, na ya kwetu ilitengenezwa na kiwanda cha silaha cha FN, pale Herstal, Ubelgiji. Baba yako alipenda kuwasimulia wageni kwamba Browning aligombana na kampuni ya bunduki ya Winchester kuhusu malipo, akaenda kuwauzia wapinzani wao Remington, na akiwa anasubiri ofisini kwao mwaka 1902 mkuu wao akafariki kwa moyo. Ndipo akapanda meli na mfano wake kwenda Ubelgiji. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko khutba ya Ijumaa.

Tofauti yake ni kwamba mtutu unatembea. Ukifyatua, mtutu na chuma cha kukoki vinarudi nyuma pamoja, vimeshikana, mpaka mwisho. Halafu chuma kinazuiwa nyuma, mtutu unarudi mbele peke yake, ganda linabaki kwenye kucha za hicho chuma na kurushwa nje. Kisha chuma kinafuata na risasi mpya. Ukilijua hilo, kila ugonjwa wake unajieleza: ganda lisipotoka, mtutu haukurudi nyuma vya kutosha, ikikupiga bega, umerudi kwa kasi mno.

Kinachopima kasi hiyo ni breki. Chini ya mti wa mbele, ule unaoushika kwa mkono wa kushoto, kuna bomba la risasi, limevikwa springi kubwa. Juu ya springi, upande wa mdomo wa mtutu, utakuta kibano cha shaba, kimepasuliwa na kuzungushiwa springi nyembamba. Kipo pia kipete cha chuma ambacho upande mmoja wa ndani umechongwa mshazari. Kipete hicho ndicho cha kutazama. Kikiwa juu, kati ya springi na kibano, mshazari ukielekea kwenye shaba, kinaibana shaba kwenye bomba na breki inakuwa kali: hapo ni kwa risasi nzito. Kwa risasi nyepesi kipete kinashushwa mpaka chini kabisa, kati ya springi na mwili wa bunduki, na shaba inakaa moja kwa moja juu ya springi. Ni kama tensheni ya cherehani yangu: ukikaza kuliko uzi ulionao, kazi haiendi.

Baba yako alikuwa akiwinda ngiri kwa risasi nzito, za gramu 36 za marisau, vile vipunje vya ndani. Wewe umenunua zile za bei nafuu. Tazama ubavuni mwa boksi, sina shaka utakuta 28. Kipete bado kipo pale alipokiacha yeye. Ndiyo sababu ganda lilikwama. Ulipomimina oili, bomba likawa linateleza, shaba haina inachokamata, mtutu ukagonga nyuma kwa nguvu zake zote. Bega lako litapona. Ninaogopea ule mti wa mbele, maana ndio unaopasuka kwanza, na mbao zake hazipatikani hapa. Uangalie juani, ndani na nje, kama una ufa.

Kazi yenyewe uianze mchana, peke yako, watoto wawe kwa bibi yao mwingine. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine ufunge mlango. Rudi, vuta chuma cha kukoki mpaka kishike nyuma, chungulia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kisha ingiza kidole chemba na tena kwenye mdomo wa bomba kule chini. Macho yanadanganywa na giza la mle ndani. Baba yako alikuwa akifanya hivyo hata akiwa ameishaitazama dakika tano zilizopita, nami nilikuwa nikimcheka.

Chuma kikiwa bado nyuma, simamisha kitako sakafuni juu ya kitambaa, mdomo wa mtutu usielekee usoni kwako. Sukuma mtutu chini kidogo kwa mkono mmoja, mwingine ufungue kifuniko cha mbele. Achia taratibu, springi ile ina nguvu. Mti utatoka, kisha mtutu. Mtutu ukishatoka usikiachie chuma cha kukoki kiruke mbele. Kitajiumiza chenyewe na vidole vyako.

Hapo piga picha, kabla hujavua kipete wala kibano. Usinitegemee kukumbuka kwa niaba yako.

Bomba, springi, kibano na kipete vioshe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha. Kisha chukua mafuta ya cherehani, tone kwenye kitambaa, pitisha kwenye bomba, halafu futa tena kwa kitambaa kikavu kana kwamba umejuta. Bomba lionekane linang'aa kidogo, lisilowe kidole. Grisi hapana, oili chafu ya injini hapana, msasa ndiyo kabisa usiuguse.

Mtutu usafishe kutokea chembani kwenda mdomoni, kwa brashi ya shaba iliyolowa mafuta ya taa, kisha vitambaa. Utaona weusi, na labda vipande vya plastiki kutoka kwenye risasi. Chemba yenyewe isugue kwa subira zaidi, kutu ya pale inashika ganda hata kipete kikiwa sawa. Kucha zile mbili za chuma cha kukoki zina masizi nyuma yake. Njiti iliyochongwa inatosha.

Ukiwa na mtutu mkononi, soma namba zilizogongwa karibu na chemba. Ni urefu wa chemba kwa milimita. Ukikuta 65, basi risasi za 70 usiziingize, hata zikikaa vizuri. Urefu wa risasi unapimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo ndefu huingia bila shida, kisha hufungukia mahali pembamba na kuongeza msukumo. Ukikuta 70, endelea.

Imebaki ile ya kujivuta. Springi inayokirudisha chuma mbele imo ndani ya kitako, na huko ndiko gundi ilikokaa. Hiyo usifungue. Kila skrubu kubwa ya bunduki hii ina skrubu ndogo ubavuni inayoizuia isizunguke, na bisibisi za dukani huvila vichwa vyake. Waulize polisi wanaoikagua wakuelekeze kwa fundi mwenye leseni ya silaha, mwambie aivue springi ya kitako, aioshe, aikaushe, airudishe. Akianza kutaja kufupisha, mshukuru uondoke.

Ikirudi, ifunge yote bila risasi, kipete sasa kikiwa chini kabisa kwa hizo nyepesi zako, simamisha mdomo wa mtutu juu ya kipande cha ubao na uisukume chini kwa uzito wako. Mtutu uingie laini, na urudi bila kusita. Ukikwaruza mahali, bado kuna uchafu. Ndipo uende kujaribu, kwa risasi moja kwanza, kisha mbili. Tatu zisubiri.

Msimu huu wote wa mvua usiiache kwenye ule mfuko wa ngozi. Ngozi inatunza unyevu. Ikae kabatini, kabati lifungwe, risasi zikae kwingine, na uifute kila baada ya kuishika, maana jasho la mikono linachora kutu usiku mmoja. Na nguruwe wa kwenye karanga wasikutie haraka: kitabu cha silaha si kibali cha kuwinda. Nenda kwa afisa wanyamapori kwanza.

Nimempa dereva wa basi la Urambo kifurushi: brashi ya baba yako, chupa ya mafuta ya cherehani, na vitambaa vya pamba nilivyokata kwa kipimo. Kuna gauni la Zuhura pia, mwambie mikono nimeipunguza alivyotaka. Ukishakiweka kile kipete, nitumie picha kabla hujafunga kifuniko.

Mama yako