Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: uvimbe umetoka, jicho halifumbi

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Miaka mitatu iliyopita niliondolewa uvimbe ulioota kwenye sakafu ya fuvu, juu ya mshipa wa fahamu wa sikio. Haukuwa saratani. Kipimo cha mwisho cha MRI kilikuwa safi, na kwenye faili langu wameandika "anaendelea vizuri".

Naomba nikueleze huo uzuri.

Sikio la kulia limekufa. Hilo niliambiwa mapema na nimelizoea, ila bodaboda ikipiga honi sijui inatokea upande gani. Shida ni mshipa wa uso, unaopita bega kwa bega na ule wa sikio. Uso ulipooza upande mmoja. Mtaani wengine walisema kiharusi, wengine nimerogwa. Chai ilinichuruzika mpaka nikaanza kuinywa kwa mrija, hata harusini. Nacheka sasa.

Jicho silicheki. Kope ya juu haishuki, na kioo cha jicho kikikauka huchubuka, kikafanya kidonda, kidonda kikaacha kovu. Mchana natia matone ya kulainisha, usiku napaka marhamu na kubandika kope kwa plasta. Haya sikufundishwa wodini. Nilifundishwa na dada mmoja kwenye benchi la kliniki, na matone nanunua kwa hela ya kushonea watu sare. Kushona pembe ya kope, au kuipachika kipande cha dhahabu ili uzito uishushe, habari zake nilizisikia baadaye sana.

Dada huyo alitolewa uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Anaishi kwa vidonge vya haidrokotisoni, homoni ambayo mwili wake hautengenezi tena ya kutosha. Akishikwa na malaria akatapika, anahitaji sindano ya dawa hiyo upesi, la sivyo presha huanguka na anaweza kufa. Anayempokea zahanati usiku atajuaje, kama hana hata kadi ya kumweleza?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mheshimiwa, kwenye kitita tuwekee matone, haidrokotisoni, mazoezi ya uso na ya kutembea bila kuyumba. Na dada huyo apewe kadi yake ya kujieleza; ni karatasi tu.

Na kliniki watuulize tunavyoishi. Kwa uvimbe kama wangu lipo dodoso la maswali 26, linaitwa PANQOL. Likiletwa kwa Kiswahili, nitakuwa wa kwanza kulijaza, kwa jicho lililobaki zima.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Morogoro