Risala ya Wafugaji Wadogo wa Ng'ombe wa Maziwa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maziwa Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kikundi, wataalamu wa mifugo, wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kuadhimisha nasi siku hii, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliianzisha mwaka 2001 na ambayo huangukia tarehe 1 Juni kila mwaka. Ng'ombe uliowaona pale nje wameogeshwa wakang'aa. Tunaomba tukueleze maisha yao, na yetu, siku ambazo hakuna mgeni, kwa sababu ombi letu limo humo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ng'ombe hukamuliwa mara 2 kwa siku, na tunajitahidi mikamuo hiyo ipishane kwa saa 12 hivi. Wa kwanza ni alfajiri. Kinyesi huzolewa kwanza, kisha mkamuaji hunawa mikono kwa sabuni, kucha zikiwa fupi. Kiwele huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake. Kuanzia hapo tunashindana na saa. Kule kuguswa kiwele humfanya ng'ombe aachie homoni ya oksitosini, nayo ndiyo inayoteremsha maziwa. Homoni hiyo haikai: baada ya dakika 5 hadi 8 nguvu yake imekwisha, na kilichobaki kiweleni hakishuki hata ukamue mpaka vidole vife ganzi. Kwa hiyo anayeosha kiwele kisha akaenda kutafuta ndoo, au akapokea simu, amejinyima mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo ng'ombe akipigwa, akifokewa au akishtuliwa na mbwa: huyazuia maziwa. Watu humwita mkaidi. Mara nyingi mkaidi ni yule aliyeshika ndoo.

Michirizo ya kwanza ya kila chuchu haiingii ndooni. Huelekezwa kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi, ili mabonge, damu au majimaji yaonekane mapema, maana hizo ni dalili za ugonjwa wa kiwele. Mwenye dalili hukamuliwa wa mwisho, asije akawaambukiza wenzake kupitia mikono yetu. Chuchu hubanwa kwa kiganja, haivutwi kwa vidole viwili kama wengi wetu tulivyozoea tangu utotoni. Baada ya kukamua, kila chuchu huchovywa kwenye dawa, kisha ng'ombe huwekewa majani horini palepale. Wageni hudhani tunampa zawadi. Ukweli ni kwamba tundu la chuchu huchukua nusu saa au zaidi kujifunga vizuri, na ng'ombe anayekula hubaki amesimama badala ya kulala kwenye uchafu.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo ni maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki. Hayo hayauzwi mpaka siku zilizoelekezwa kwenye dawa zimalizike. Kwa macho ni meupe kama mengine, na kumwaga ndoo nzima kunauma. Lakini mwanachama mmoja akiyachanganya kwa siri, ameharibu ya kikundi kizima. Kwa hili, kanuni yetu haina huruma.

Saa zinazobaki huenda kwenye kukata majani, kuchota maji, kuandika daftari la kumbukumbu na kuangalia ng'ombe yupi ameonyesha joto, yaani dalili za kutaka kupandwa, ambalo hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Anayeonekana asubuhi huitiwa mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, jioni. Ndama aliyezaliwa hupewa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6 za mwanzo, na mama mwenye mimba huachwa kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa. Maji ndiyo yanayotuchosha zaidi. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87, na ng'ombe anayekamuliwa vizuri anaweza kunywa lita 60 kwa siku, wakati wa joto hata kupita 100. Ukimpunjia maji, naye atakupunjia ndooni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tufike kwenye maziwa ya jioni. Ya asubuhi yana mnunuzi, ya jioni hayana, kwa sababu hulala. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la nyuzi 38 hivi, na katika joto la namna hiyo baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Tunatumbukiza makopo ya maziwa kwenye maji baridi, na inasaidia kidogo, ila nyuzi 4 zinazotakiwa hazifikiwi kwa njia hiyo. Asubuhi mengine yamekwisha kuganda. Tunagandisha mtindi, tunakunywa, tunawagawia majirani, na bado unabaki. Usafi wote tuliokueleza unaishia hapo.

Kwa hiyo hatukuombi ng'ombe zaidi. Tunakuomba utusaidie kupata tanki 1 la kupoozea maziwa. Chumba kipo, umeme umeshaingizwa, na wanachama wamekubaliana kuchangia matengenezo kutoka kwenye mauzo. Tunaomba pia mafundi wawafundishe vijana wetu kuliendesha na kuliosha, kwa kuwa tanki chafu ni afadhali lisiwepo.

Tunamalizia kwa kuomba radhi mapema. Ratiba inaonyesha sherehe itaendelea mpaka jioni, nasi tungependa kukaa nawe hadi mwisho. Lakini saa 10 ikifika utaona viti vya nyuma vikianza kuwa wazi. Wenye viti hivyo hawajachoshwa na hotuba yako, wamekwenda kukamua.

Karibu sana, nasi tunaomba kuwasilisha.